Kilomita 40 zilezile kila siku, au kubadili kila siku? Tunajiandaa kwenda Likasi

Kasapa_Asubuhi:

Jambo yenu, ba yaya. Tuko watatu, tunaendesha pamoja, na mwisho wa mwezi wa 8 tunataka kutoka Lubumbashi hadi Likasi kwa baiskeli, karibu kilomita 120, tukafike na nguvu bado mwilini. Tumebakiwa na wiki 16.

Hali ni hii. Siku 5 kwa wiki, kilomita 40 kila siku, barabara ya Kipushi kwenda na kurudi, wastani wa kilomita 27 kwa saa. Mapigo ya moyo yanakaa kati ya 150 na 155. Ya juu kabisa niliyowahi kuona kwenye mkanda wa kifuani ni 190. Wiki 10 za kwanza mwendo ulipanda, halafu ukasimama, sasa ni miezi 4 hausogei. Tukajaribu kinyume chake kwa mwezi mzima: kila siku zoezi jipya kutoka kwenye video. Leo mbio fupi, kesho kukanyaga mzigo mzito, keshokutwa saa 3 barabarani. Miguu imekuwa mizito, goti la mwenzetu mmoja linauma upande wa mbele, na hatujui kipi kimetusaidia na kipi kimetuharibu.

Kitu gani kishikwe bila kuguswa, kitu gani kibadilishwe, na baada ya muda gani? Wawili tuna baiskeli za vitesi (gia), wa tatu ana kinga, yaani baiskeli ya kawaida isiyo na vitesi. Kazini tunaingia saa 2 asubuhi, Jumapili tuko kanisani.

Koche_Katuba:

Jambo sana. Umeweka namba, kwa hiyo tunaweza kusema mambo ya maana.

Tatizo la mpango wenu wa kwanza si kwamba mlirudia. Mlirudia mwendo wa katikati. Mapigo 152 kwa mtu ambaye kilele chake ni 190 ni asilimia 80. Mwendo huo ni mkali kiasi cha kuwachosha kila siku, lakini ni mwepesi mno kusukuma dari la moyo. Wiki za kwanza hata hilo linatosha, kwa sababu mwili mgeni huitikia kila kitu: damu inaongezeka majimaji, moyo unapiga damu nyingi kwa pigo moja, misuli inajenga mishipa midogo. Baada ya hapo mwili umeshauzoea mzigo, nanyi mnauleta uleule huku miguu haijapumzika vya kutosha kubeba mzito zaidi.

Na mwezi wa video ulishindwa kwa sababu nyingine. Mwili haujengwi na zoezi moja, unajengwa na zoezi lilelile likirudi mara kadhaa likiwa zito kidogo kuliko jana. Ukifanya mbio fupi mara moja na usizirudie kwa wiki 3, umepata uchovu wake tu.

Anzeni na kipimo. Siku mliyopumzika, kila mtu peke yake, pasheni moto dakika 20, kisha endesheni dakika 30 kwa nguvu yote mnayoweza kuishika hadi mwisho. Chukueni wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho: hicho ndicho kizingiti chenu. Kosa la kawaida ni kuanza kama umefukuzwa na mbwa, dakika ya 12 mtu ameisha na namba haina maana. Dakika 5 za kwanza zikuachie hisia kwamba umejizuia.

Tuseme kizingiti kimetoka 168. Mwendo mwepesi ni chini ya 150, na siku ya kupumzisha miguu ni chini ya 136. Kati ya 151 na 156 ndipo mlipoishi miezi yote hii. Kazi ya kweli inaanzia 158 kwenda juu.

Sasa muundo. Mna saa saba na nusu kwa wiki (kilomita 200 kwa mwendo wenu). Mwanzoni msiongeze hata dakika, zipangeni upya tu (hapa saa ni urefu wa kipindi, si muda wa kuanza). Jumatatu pumziko. Jumanne saa 1 na robo, kazi ngumu. Jumatano saa 1 nyepesi kabisa. Alhamisi saa 1 na robo, kazi ngumu ya pili. Ijumaa pumziko. Jumamosi saa 3, nyepesi. Jumapili baada ya kanisa saa 1, nyepesi. Siku hizi zishikeni kwa wiki zote 16 na msizihamishe kwa sababu ya hamu. Stephen Seiler, mtafiti anayefanya kazi Norwe, alipochunguza wanamichezo wa uvumilivu wa ngazi ya juu alikuta takriban vipindi 8 kati ya 10 ni vyepesi. Ninyi mna vipindi 5, kwa hiyo vigumu 2 ndiyo mwisho. Kuna wiki ambazo 1 inatosha.

Kinachobadilika ni aina ya kazi ngumu, kila baada ya wiki 4, wala si kila wiki. Wiki 4 za kwanza: vipande vya dakika 8, katikati dakika 2 za kukanyaga taratibu. Wiki ya 1 vipande 3, wiki ya 2 na ya 3 vipande 4, wiki ya 4, yaani wiki nyepesi, punguzeni kila kitu hadi karibu nusu. Mapigo yafike 166 hadi 171 kipande kikielekea mwisho. Wiki 4 zinazofuata: vipande 4 vya dakika 4 kwenye 171 hadi 180, dakika 3 za kupumua katikati. Wiki 4 za tatu: sekunde 30 kali, sekunde 15 nyepesi, mara 13 mfululizo, pumzika dakika 3, rudia hadi seti 3. Hapo msifuate mapigo. Moyo huchukua dakika 1 hadi 2 kupanda, kwa hiyo mkingoja namba ipande mtakuwa mmeshazidisha. Tumieni hisia: kwenye kipimo cha 1 hadi 10, mwanzo wa seti iwe 7, mwisho 9.

Wiki 4 za mwisho, na hapa wengi hushangaa, mnarudi kwenye mwendo wenu wa zamani: vipande 2 vya dakika 20 kwenye 151 hadi 156, kwa sababu ndio mwendo mtakaokutana nao njiani kwenda Likasi. Mwendo huo haukuwa adui. Kosa lilikuwa kuufanya chakula cha kila siku. Wiki ya 16 yenyewe kateni saa hadi nusu, bakizeni kipindi kimoja kifupi chenye makali.

Dalili kwamba kazi imezidi: kipande cha mwisho kikipungua kasi kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko cha kwanza, acheni hapohapo, nendeni nyumbani. Kipande kibovu hakijengi chochote. Na mapigo ya asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, yakipanda 7 au zaidi juu ya kawaida yenu kwa siku 2, kazi ngumu ya siku hiyo igeuzwe nyepesi.

Jumamosi ndiyo siku ya kubadili njia mnavyotaka. Wiki hii Kipushi, wiki ijayo barabara ya Likasi, nyingine udongo mwekundu wa upande wa Kasapa. Muda upande taratibu: saa 3, saa 3 na robo, saa 3 na nusu, halafu wiki nyepesi saa 2, mfike saa 4 na nusu mara moja tu, kama wiki 3 kabla ya safari. Si lazima mfanye kilomita 120 mazoezini.

Kuhusu milima: hapa kwetu tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari lakini nchi imelala. Kiangazi upepo unatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukielekea Kasumbalesa unakuja usoni na ukielekea Kipushi unakupiga ubavuni. Utumieni kama mlima, ila barabara ya Kasumbalesa na malori yake siipendi kwa kundi la watu watatu. Tafuteni kipande kingine kinachoelekea upande huo.

Fundi_wa_Kenya:

Koche amesema vizuri, ila amemsahau mwenye kinga.

Kinga isiyo na vitesi inaweza kufanya karibu yote hayo, mradi ujue hesabu yake. Meno 44 mbele na 18 nyuma: 44 kugawa kwa 18 ni 2.44. Gurudumu la 28 linazunguka karibu mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.4. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unaenda kilomita 19 na kidogo kwa saa, 80 ni karibu 26, 100 ni 32. Basi siku nyepesi ni 65 hadi 70, kazi ngumu ni 90 kwenda juu. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hakuna haja ya konteri (kifaa cha kuhesabu).

Shida yake ni kuondoka na upepo wa usoni. Pale mizunguko inashuka hadi 50, na nguvu yote inalalia goti. Nina wasiwasi goti linalouma ni la huyo. Mwekee gurudumu la meno 20 nyuma badala ya 18. Linaingia kwenye uzi uleule wa habu (kitovu cha gurudumu), na mizunguko 80 inakuwa kilomita 23 kwa saa. Ukitoka 18 kwenda 20 bila kubadili cheni, ekseli inasogea mbele karibu milimita 6, kwa hiyo angalia kwanza kama nafasi ipo kwenye uma wa nyuma. Ukishafunga, cheni icheze juu na chini milimita 10 hadi 15. Ikikaza mno inakula habu, ikilegea inaruka.

Jambo la pili ni usafi wa kipimo. Mtu anabadili mpira, anapandisha kiti, anaanza mazoezi mapya, yote wiki moja, halafu anauliza kwa nini mwendo umebadilika. Kitu kimoja kwa wakati. Kabla ya kila kipimo upepo wa magurudumu uwe uleule: mpira wa ndani unapoteza hewa wenyewe hata bila tundu, na ukishuka bar 1 utadhani miguu imezeeka.

Kiangazi vumbi letu ni msasa. Futeni cheni kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari 2, weka tone moja kila pini, zungusha, futa tena yaliyobaki nje. Mafuta mazito ya injini yaacheni gereji, yanakamata mchanga. Pimeni cheni kwa rula: kutoka pini ya 1 hadi ya 25, yaani nafasi 24, ambazo ni sentimita 30.48 zikiwa mpya. Zikifika 30.63 badilisheni, mkisubiri mtalipa na meno ya nyuma pia.

Mama_Ruashi:

Naomba kupingana na koche mahali pamoja. Vipindi 2 vigumu tangu wiki ya kwanza, kwa watu waliotoka kwenye mwezi uliowachosha na wenye kazi ya mchana kutwa, ni vingi. Wiki 2 za kwanza ziwe na Jumanne pekee, Alhamisi iwe nyepesi. Hakuna kitakachopotea, na goti la mwenzenu litapata nafasi.

Tena ratiba nzuri inavunjika siku ya kwanza maisha yakiingia. Wekeni kiwango cha chini: siku ambayo mambo yamebana, dakika 30 nyepesi zinatosha kuhesabika. Nusu saa hiyo haiwaongezei nguvu nyingi, lakini inalinda siku, na siku ndiyo inayobeba mpango.

Mkikosa, msirundike. Ukikosa Jumanne, usifanye ngumu Jumatano na Alhamisi. Fanya Alhamisi tu. Ukikosa siku 3, endelea ulipokuwa. Ukikosa wiki nzima, rudia wiki iliyopita. Ukikosa zaidi ya wiki 2, anza na theluthi mbili ya muda na wiki moja bila kazi ngumu. Mtu aliyezoea mazoezi akisimama kabisa wiki 3, uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni unaweza kushuka kwa asilimia 7 hivi, na sehemu kubwa ni yale majimaji ya damu kupungua. Hayo hurudi haraka kuliko mnavyodhani, kwa hiyo msiyakimbilie kwa hasira.

Homa ni jambo jingine. Malaria ikishika, hakuna baiskeli mpaka dawa iishe na homa iwe imekwenda, kisha wiki nzima ya mwendo wa taratibu. Kupanda baiskeli na homa si ushujaa.

Na mle. Jumamosi ya saa 3 na zaidi inataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya ukubwa wa kawaida ina kama 25. Kinywaji: lita 1 ya maji safi, vijiko 5 vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, limau. Anzeni kunywa dakika ya 20, msingoje kiu. Bukari (ugali) nzito iwe saa 3 kabla ya kazi ngumu au baada yake, katikati itawakaa tumboni kama jiwe.

Mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri inaweza kushuka chini ya digrii 10. Vaeni kitu cha kufunika magoti kwa nusu saa ya kwanza.

Koche_Katuba:

Mama, umenishinda hapo. Wiki 2 za kwanza Jumanne pekee. Nakubali kabisa.

Kasapa_Asubuhi:

Aksanti mingi. Maswali 2 tu. Tutajuaje tunaendelea kama kazi inabadilika kila wiki 4? Na tukiwa watatu wenye nguvu tofauti, siku nyepesi inageuka mashindano, yaani aliye dhaifu anapigwa na mapigo 160 akitufuata.

Koche_Katuba:

Kwa la kwanza: wekeni kipimo kimoja kisichobadilika kamwe. Mwisho wa kila wiki nyepesi, barabara ileile ya Kipushi, saa ileile asubuhi, dakika 20 kwenda na 20 kurudi, mapigo yashikwe 140 kwa kila mmoja, kila mtu peke yake bila kujificha nyuma ya mwenzake. Andikeni umbali wa jumla. Kwenda na kurudi kunapunguza uongo wa upepo. Kilomita zikiongezeka kwa mapigo yaleyale, injini inakua, hata kama miguu inahisi vinginevyo. Joto nalo linapandisha mapigo kwa mwendo uleule, kwa hiyo msilinganishe asubuhi ya baridi na mchana.

Cha pili cha kuangalia ni Jumamosi. Gawanyeni safari nusu kwa nusu, gawanyeni mwendo kwa mapigo. Nusu ya kwanza kilomita 25 kwa saa kwa mapigo 138 inatoa 0.181, nusu ya pili 25 kwa 148 inatoa 0.169. Hapo mmeshuka karibu asilimia 7. Ikibaki chini ya 5 kwa saa 4, Likasi mtafika mkiwa mnazungumza. Ikizidi, msirefushe Jumamosi inayofuata, rudieni muda uleule.

Kwa la watatu: kazi ngumu ipimeni kwa dakika, si kwa umbali. Wote mnaanza pamoja, dakika 4 zikiisha kila mtu anageuka alipo na kurudi taratibu, mnakutana, mnaanza tena. Hakuna anayesubiri, hakuna anayevutwa. Siku nyepesi, isipokuwa Jumamosi, mwenye kinga ndiye anaongoza mbele, na ni marufuku kumpita. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake kwa kilomita 30 kwa saa anapunguziwa kazi kwa robo au zaidi, kwa hiyo Jumamosi mwenye nguvu akae mbele muda mrefu na mnyonge zamu ya dakika 1. Hivyo wote mnaweza kubaki chini ya 150 kwa mwendo mmoja.

Kine_Lshi:

Nimechelewa, naongeza la goti tu, kwa sababu mmelipita haraka.

Maumivu ya mbele, chini au kuzunguka kifuniko cha goti, mara nyingi ni kiti kilicho chini mno au mizunguko iliyo mizito mno. Maumivu ya nyuma ya goti ni kiti kilicho juu mno. Akae kwenye baiskeli ameegemea ukuta, avue viatu, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha akiweka mbele ya unyayo kwenye pedali, goti libaki limekunjwa digrii 25 hadi 35. Kiti kikiwa chini, apandishe milimita 5, aendeshe siku 3 au 4 nyepesi, ndipo apandishe tena. Akipanda sentimita 2 kwa siku moja atahamisha maumivu kwenda nyuma.

Wiki 2 za kwanza asifanye mzigo mzito wa mizunguko 50 hadi 60, kabisa. Mizunguko yote ibaki 80 na juu, na hilo gurudumu la meno 20 alilolisema fundi liwekwe kabla ya kuanza, si katikati. Afanye kuchuchumaa mara 2 kwa wiki, seti 3 za mara 8, akishuka polepole kwa sekunde 3, mradi maumivu yasivuke 3 kati ya 10. Yakivuka hapo wakati wa kuendesha au asubuhi inayofuata, kipindi kigumu kinachofuata akiruke. Akifanye chepesi kwa muda uleule. Goti likivimba au likikwama kunyooka, aende aonwe na mtu hospitalini kabla ya kugusa tena pedali.

Kasapa_Asubuhi:

Tumekubaliana: gurudumu la 20 linafungwa kesho, kipimo cha dakika 30 ni Jumamosi hii, na Jumanne vipande 3 vya dakika 8. Namba za kipimo nitaziandika hapa Jumamosi jioni.